Walivyopima Figo za Basenji Bila Kuua Ukoo

Ugonjwa unaojitokeza mbwa akiwa bado kinda ni rahisi kuung'oa kwenye ukoo: anaonekana, hapandishwi, basi. Taabu iko kwa ugonjwa unaosubiri. Basenji, mwindaji wa misitu ya Kongo anayefungwa kengele shingoni kwa kuwa habweki, ana ugonjwa wa namna hiyo, sindromu ya Fanconi. Kwa kawaida dalili huanza kati ya miaka 4 na 8, wakati dume limeshapandishwa mara kadhaa na watoto wake wametawanyika kwa wanunuzi.

Kinachoharibika ni mirija midogo ya figo inayopaswa kurudisha mwilini sukari, amino asidi, fosfeti na baikaboneti. Ikilegea, vyote hivyo hutoka na mkojo. Mbwa hunywa maji bila kukoma, hukojoa mno, hukonda. Kwa miaka mingi mfugaji wa Marekani hakuwa na la kufanya ila kumfuata mbwa wake uani na kikombe kila mwezi, kuchovya kijiti cha kupimia mkojo na kutazama kisanduku cha sukari. Kikigeuka rangi ilhali sukari ya damu iko sawa, si kisukari, ni figo. Mgonjwa aliyegunduliwa mapema aliweza kupewa baikaboneti akaishi miaka zaidi. Lakini kwa uamuzi wa nani apandishwe na nani, kijiti kilichelewa: watoto walikuwa wameshazaliwa.

Na ukoo wenyewe ulikuwa mwembamba. Basenji wa Ulaya na Marekani walitokana na mbwa wachache mno waliochukuliwa Afrika kuanzia miaka ya 1930. Kabla ya Fanconi kutia watu hofu, walikuwa wamepambana na upungufu wa damu unaosababishwa na kasoro ya kimeng'enya kimoja cha chembe nyekundu. Kipimo cha damu kilipopatikana, mbebaji, ambaye ana jeni mbovu lakini mwenyewe haugui, alijulikana kwa kimeng'enya chake kushuka hadi karibu nusu. Wafugaji wakaona la busara ni kuwaondoa wabebaji wote kwenye uzazi. Ugonjwa ule ukafifia kweli. Ila kila mbwa aliyeondolewa aliondoka na jeni zake zote, nzuri na mbaya, na waliobaki wakazidi kuwa ndugu. Wafugaji wengi huihusisha fagiafagia hiyo na kuenea kwa Fanconi baadaye, na kwangu hoja yao ina uzito, kwani ndugu wakipandishwa, jeni iliyojificha hukutana na pacha wake.

Julai 2007 Gary Johnson wa Chuo Kikuu cha Missouri alitoa kipimo cha vinasaba. Mfugaji alisugua kiburashi ndani ya shavu la mbwa na kukituma maabara. Jeni yenyewe ilikuwa haijapatikana; kilichosomwa ni alama zilizo jirani nayo, ndiyo maana majibu yalikuja na neno "huenda": huenda mzima, huenda mbebaji, huenda mgonjwa. Mengine yalirudi bila uamuzi wowote. Nayasifu majibu hayo kwa unyofu wake. Mwaka 2011 kikaja kipimo cha jeni yenyewe, na "huenda" ikaondoka.

Safari hii mbebaji hakufukuzwa. Mpandishe na mzima: kwa wastani nusu ya watoto watakuwa wabebaji, na hakuna hata mmoja atakayeugua. Kizazi kinachofuata unachagua walio wazima, ukiwa umebakiza damu ya babu yao. Tena kitabu cha nasaba cha Marekani kilifunguliwa mwaka 1990 kupokea mbwa 14 wapya, kikafunguliwa tena kuanzia 2009 hadi 2013. Mwaka 2010 msafara ulikusanya mbwa katika vijiji vya Basankusu, Kongo. Mbwa wa kijijini asiye na cheti aliitwa kuwaongezea damu wenye vyeti!

Mfugaji huchagua tabia pia, ila tabia haina kiburashi cha shavuni, kwa kuwa inatokana na jeni nyingi pamoja na malezi. Hapo Waswidi wana la kufundisha. Katika tathmini yao iitwayo MH, mbwa hukutana na mtu bandia anayeibuka ghafla mbele yake, mnyororo unaokwaruza bati, watu wawili waliojifunika shuka nyeupe wakimjia polepole, kisha mlio wa bunduki. Kila itikio hupewa alama 1 hadi 5, na hakuna kufaulu wala kufeli. Mfugaji makini hupeleka watoto wote wa uzao mmoja, maana mtoto mmoja mwoga hamhukumu mama yake, lakini sita wakitetemeka huna tena cha kubishia.

Kwa basenji, baada ya figo yamekuja macho: kipimo cha jeni cha aina moja ya upofu unaoletwa na kunyauka kwa retina. Sasa mfugaji anaweza kuwa na jike zima la figo lakini mbebaji wa upofu, na dume bora kwa mengine yote lakini mbebaji wa Fanconi. Wawili hao wanaweza kupandishwa bila mtoto yeyote kuugua magonjwa hayo, ila kila uzao lazima upimwe upya kabla haujazaa.