Kuipima Macintosh IIfx Iliyofufuliwa

Tathmini ya kompyuta za zamani zilizofufuliwa imeingiwa na dosari isiyofaa kuendelea kunyamaziwa, kwa kuwa sifa nyingi zinazotolewa minadani na katika maonyesho huangukia ganda la nje na kuupita ubao mama, yaani ule ubao mkubwa wa saketi unaobeba prosesa, kumbukumbu na njia zote za umeme. Dosari hiyo huonekana wazi zaidi kwa Macintosh IIfx, iliyokuwa kilele cha kompyuta za Apple mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambayo leo husifiwa kuwa imekarabatiwa vizuri pindi plastiki yake inapong'arishwa ikawa nyeupe kama karatasi, ilhali ndani yake shaba inaendelea kuliwa na kemikali. Rangi halali ya ganda hilo, iliyoitwa Platinum, ni kijivu hafifu. Kwa hiyo huo weupe wenyewe ni ushahidi wa mkono mzito uliomimina peroksidi ya hidrojeni kupita kiasi na kuiacha plastiki juani bila kuigeuza.

Ganda, kwa hakika, haliwezi kuwa kipimo cha mashine hii, kwa sababu halikuwa lake peke yake. Lilitengenezwa kwa ajili ya Macintosh II ya mwaka 1987, likatumika tena kwa IIx ya mwaka 1988, na IIfx ilipotolewa Machi 1990 kwa bei iliyokaribia dola 10,000 za Marekani, Apple ililirudia ganda lile lile na kuweka fedha na akili zote ndani. Aidha, kampuni hiyo iliwauzia wenye Macintosh II na IIx ubao mama wa IIfx ili waubadilishe, na hivyo nembo iliyo mbele ya ganda haithibitishi lolote kuhusu kilichomo.

Kilichomo ndicho kinachostahili heshima. Prosesa yake, Motorola 68030, iliendeshwa kwa megahezi 40, yaani mapigo milioni 40 kwa sekunde, wakati Macintosh II ilikuwa na megahezi 16 tu. Pembeni yake ilikaa 68882, chipu ya kusaidia hesabu za desimali, pamoja na kashe ya kilobaiti 32, ambayo ni kumbukumbu ndogo yenye kasi inayohifadhi data inayohitajika mara kwa mara. Kazi za kuingiza na kutoa data zilikabidhiwa chipu mbili maalumu, kila moja ikiwa na kiini cha aina ya 6502, ukoo ule ule wa prosesa uliokuwa moyo wa kompyuta za Apple II. Hata vibao vya kumbukumbu vilikuwa vya pekee, kwani vilikuwa na pini 64 badala ya 30 zilizozoeleka, ili kuandika na kusoma kupite njia tofauti. Mtu anayekuta vibao vya pini 30 ndani ya mashine iliyotangazwa kuwa IIfx hana haja ya kuendelea kuikagua.

Hata hivyo, yote hayo huweza kuwa kamili na ukarabati ukawa mbovu, kwa sababu ubora wa kazi hukaa mahali ambapo mwanagenzi hatazami, nako ni chini ya kapasita. Kapasita ni kifaa kidogo kinachohifadhi chaji na kutuliza mitikisiko ya umeme, na zile za elektroliti za enzi hiyo, zilizofanana na vikopo vya bati vilivyokaa juu ya ubao, zilijazwa kimiminika kinachopitisha umeme, ambacho baada ya miaka mingi hupenya muhuri wa mpira ulio chini ya kikopo na kutambaa ubaoni. Kimiminika hicho hakikomei pale kilipodondoka, bali huingia chini ya rangi ya kijani inayoifunika shaba, hufuata njia nyembamba za umeme, huzama katika vitundu vinavyounganisha tabaka moja la ubao na jingine, na kuikata shaba hiyo polepole hata baada ya kikopo chenyewe kuondolewa.

Fundi mwenye jicho huanza kwa kuitazama risasi iliyoshika miguu ya chipu zilizo jirani na kapasita, kwa maana risasi njema hung'aa na kuteremka kwa mkunjo laini kutoka mguuni hadi kwenye shaba, bali ile iliyoguswa na elektroliti huwa na rangi ya majivu, na hukataa kuyeyuka hata chuma cha kulehemia kikiwa na joto la kutosha. Kisha huuinamisha ubao kuelekea taa, ili mwanga upite juu yake kwa ulalo, akatafuta mahali ambapo rangi ya kijani imegeuka nyeusi au imevimba, kwa kuwa uvimbe huo maana yake ni kwamba kutu ya shaba inaisukuma rangi kutoka chini. Pua nayo ina kazi yake: elektroliti iliyobaki ikipashwa moto hutoa harufu kali ya samaki, na fundi anayeinusa harufu hiyo akaendelea kulehemu kapasita mpya juu yake hastahili kuitwa fundi. Kazi sahihi ni kuiondoa risasi yote ya zamani, kuosha eneo zima na si pale penye kapasita pekee, kukausha, kupima kila njia ya shaba kwa multimita kuhakikisha umeme unapita, na ndipo kapasita mpya zikae.

Kapasita hizo mpya nazo huwafichua wengi. Za alumini huwa na mstari unaoonyesha upande hasi, ilhali za tantalamu huwa na mstari unaoonyesha upande chanya, na wapo waliozigeuza zote kwa kufuata mazoea, zikalipuka mara umeme ulipowashwa. Mafundi wakongwe huzipenda za tantalamu au polima kwa kuwa hazina kimiminika cha kuvuja, na upendeleo huo unafaa kuhesabiwa kuwa kanuni: ubao wa IIfx uliorudishiwa vikopo vya kimiminika, hata viwe vipya kiasi gani, umeahirishiwa kifo tu.

Suala la uzuri wa ubao lina historia ndani ya Apple yenyewe. Andy Hertzfeld, mwandishi wa programu katika timu ya Macintosh, anasimulia kwamba mwaka 1981 Steve Jobs, mwanzilishi mwenza wa Apple, aliukagua mchoro wa ubao wa Macintosh ya kwanza akalalamika kwamba mpangilio wa chipu za kumbukumbu haukuvutia macho, na mhandisi George Crow akampinga kwamba hakuna mnunuzi atakayeuona. Ubao wa kupendeza zaidi ulitengenezwa kwa gharama ya takriban dola 5,000, haukufanya kazi sawasawa, na mchoro wa awali ukarejeshwa. Kisa hicho hutajwa kama kichekesho, lakini kina funzo zito kwa warekebishaji, kwamba uzuri wa ubao si ushahidi wa uzima wake, kwani wapo walaghai wanaopaka vanishi juu ya njia zilizokwisha kuliwa ili ubao ung'ae pichani, na wengine husugua maandishi ya prosesa ya kasi ndogo na kuichapa upya kasi isiyo yake. Vanishi hugunduliwa kwa ukucha, na chapa ya kughushi kwa kupitisha pamba yenye asetoni juu yake.

Yapo mambo madogo yanayoitenga mashine iliyohifadhiwa na mtu anayejua. Kituliza mwisho cha SCSI, yaani kifaa kinachofungwa mwishoni mwa mnyororo wa diski za nje ili ishara zisirudi nyuma, kilikuwa cha pekee kwa IIfx na kilikuwa cheusi, na mashine iliyopoteza kifaa hicho haijakamilika. Betri mbili za lithiamu za volti 3.6 lazima ziwe mpya, kwa sababu zikifa mashine haiwaki, na zikipasuka huharibu ubao kuliko kapasita zote. Kibodi ipasayo ni Apple Extended Keyboard, nzito, yenye swichi za kampuni ya Alps ambazo kila moja hujibu kidole kwa uwazi, ya kizazi cha watengenezaji waliokubali kwamba kitu kinachoguswa siku nzima kigharimu ipasavyo. Kuiunganisha IIfx na kibodi nyembamba ya miaka ya baadaye ni kuikosea adabu.

Kwa mnunuzi, sharti moja linafaa kutangulia mengine yote, nalo ni picha za ubao zilizopigwa kapasita za zamani zikiwa zimeondolewa na kabla mpya hazijawekwa, zikionyesha kwa karibu shaba iliyosafishwa. Asiyeweza kuzitoa hana haki ya kudai bei ya mashine iliyokarabatiwa, na ganda lake lililong'arishwa lihesabiwe kuwa upungufu.