Ndoa ya Pupa na Tanuri la Wafipa

Katika vichekesho vya mapenzi, aghalabu harusi huwa ndiyo mwisho wa hadithi. Filamu iitwayo The Heartbreak Kid, iliyotungwa na Neil Simon na kuongozwa na Elaine May huko Marekani mwaka 1972, inaianza hadithi kwa harusi. Lenny, muuzaji wa vifaa vya michezo mjini New York, anamwoa Lila baada ya uchumba mfupi. Wanasafiri kwa gari hadi Miami, na kabla fungate haijatimia bwana harusi amekwisha kumpenda Kelly, binti wa kitajiri aliyekutana naye ufukweni, na ameazimia kumwacha mkewe.

Tuliitazama filamu hii Sumbawanga pamoja na walimu wenzetu na wazee wachache. Tulicheka sana, kisha tukaona haya kidogo kwa kicheko chetu.

Maana tulimcheka nani? Tulimcheka Lila. Anaimba ovyo garini, anakula yai likamganda usoni, anaungua jua hata akafungiwa chumbani huku mumewe akitunga uongo na kwenda kwa Kelly. Hakuna hata moja katika hayo lililo hatia. Ni mambo ambayo mtu angeyajua kwa kumtembelea mchumba wake mwezi mmoja tu. Aliyeigiza sehemu hiyo, Jeannie Berlin, ni binti wa mwongozaji mwenyewe, na aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Mama amemweka mwanawe mbele yetu tumcheke, kisha mezani mkahawani, Lenny anapomwambia kuwa ndoa imekwisha, anatuonyesha uso wake mpaka kicheko kinatukauka. Kwa maoni yetu hapo ndipo penye ubora wa kazi hii. Toleo jipya la mwaka 2007 lilimgeuza bibi harusi kuwa mtu asiyevumilika hata kidogo, na kwa kumwondolea mume lawama, likaiondolea hadithi uzito wake.

Lugha yetu ina neno ambalo watungaji hao wangelihusudu, nalo ni pupa: haraka na ulafi ndani ya neno moja. Lenny hakukosea kuchagua mke. Tabia yake ni kutaka asichonacho, na akishakipata hukichoka.

Kwa kweli mtu pekee anayefanya kazi ya ukwe katika filamu hii ni Bwana Corcoran, baba yake Kelly. Watazamaji wa Marekani walitarajiwa kumwona kikwazo cha mapenzi. Wazee waliokaa nasi walimshangilia, kwa kuwa anauliza maswali ambayo mshenga angeyauliza siku ya kwanza. Hata hivyo naye anapotoka pale anapompa Lenny dola 25,000 aende zake, kana kwamba binti ni shamba linalogombewa.

Apitaye katika uwanda wa juu wa Ufipa, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, bado huona magofu ya malungu, matanuri ya udongo yenye kimo cha kama mita 3, ambamo Wafipa waliyeyusha chuma mpaka karne ya 20. Watafiti wameandika kwamba tanuri jipya lilipambwa na kutendewa kama bibi harusi. Halikuvuviwa kwa mivukuto, bali lilivuta hewa lenyewe kwa matundu ya chini, na mafundi walilisubiri. Tena chuma kilichotoka humo hakikufaa bado kufuliwa jembe. Kilisafishwa kwanza katika tanuri la pili, dogo, lenye mivukuto. Tunawaomba wanafunzi waiweke sanaa hiyo kando ya filamu hii. Mhunzi wa Kifipa hakulitupa donge la kwanza kwa sababu lina takataka.

Hatusemi kwamba kukawia pekee hutengeneza ndoa. Tumeona posa za miaka miwili zilizokuwa mnada mtupu. Ila Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyoitangulia filamu hii kwa mwaka mmoja, inawataka wachumba watoe taarifa siku 21 kabla ya kuoana, na haimruhusu mtu kudai talaka kabla ya miaka miwili kupita bila idhini ya mahakama. Mbele ya sheria hiyo Lenny asingefika mbali.

Mwishoni Lenny anamwoa Kelly. Baada ya sherehe anaonekana kitini peke yake, akizungumza na watoto ambao nao wanamchoka na kumwacha. Tuliona mwisho huo umetosha. Lakini mama mmoja mtu mzima, aliyekaa kimya muda wote, aliuliza, “Na yule binti wa kwanza, nani alimrudisha kwao?” Tukaitafakari filamu tangu mkahawani hadi mwisho. Lila haonekani tena.