Mstari wa Kalamu Kwenye Puli

Mteja huja na jibu lake tayari kichwani: injini ina turbo, ina nguvu za farasi mia mbili, basi apewe klachi kubwa ya nyuma itakayoihimili. Mzee fundi ninayependa kumtazama kazini, kaskazini mwa Minnesota, hamjibu. Anafungua ubavu wa pikipiki ya theluji, anatoa kalamu ya wino mzito na kuchora mstari kwenye uso wa kila puli, kutoka katikati hadi ukingoni. "Kaivute kwenye barafu ya ziwa mpaka mwisho," anasema, "kisha uje moja kwa moja."

Mashine ikirudi na injini ikizimwa, mkanda umeshaufuta wino kila ulipogusa na kuuacha pale usipofika. Mzee anainama na tochi. Wino ukiwa umesalia upana wa kidole ukingoni mwa puli ya mbele, anajua mkanda haukupanda hadi juu; kuna mwendo uliobaki ndani ya mashine. Halafu anaweka kiganja kwenye puli, moja baada ya nyingine, bila haraka. Ya nyuma ikimlazimisha kuondoa mkono, nguvu iliyopaswa kusukuma theluji imeishia kuwa joto. Mwisho anauvua mkanda na kuugeuza kwenye mwanga. Ubavu ukimetameta, umekuwa ukiteleza. Hapo ndipo habari ya klachi inaanza.

Waliowahi kufungua zile skuta zisizo na gia, za Dar es Salaam au Mombasa, wanaijua mashine hii: puli mbili, ambazo mafundi huziita klachi, mkanda wa mpira kati yake, na vizito vinavyosukumwa nje na mzunguko. Puli ya mbele husikia kasi ya injini. Ya nyuma husikia mzigo. Ndani yake mna heliksi, kipande cha aluminiamu chenye njia zilizokatwa mshazari. Theluji ikizidi kina, au mlima ukisimama mbele, msokoto huisukuma puli kwenye njia hizo, visahani vyake viwili vinaubana mkanda, na gia inarudi chini yenyewe bila dereva kugusa kitu. Nani asiyestahi akili ya chombo kama hicho?

Pembe ya njia hizo ndiyo roho ya kazi. Ikiwa na nyuzi nyingi, klachi hufunguka upesi na kuipa injini mzigo mapema. Ikizidi, injini inazama na mkanda unateleza. Ikiwa na nyuzi chache, mkanda hubanwa sawasawa na gia hurudi kwa wepesi. Zikipungua mno, mashine inapiga kelele tu na mwendo haupandi. Springi nayo ina neno lake. Wenye injini kubwa hupenda kukaza: springi ngumu, kisha ngumu zaidi. Wanasahau kwamba msokoto wa injini kubwa unaubana mkanda wenyewe kupitia heliksi. Ukiukaza juu ya hapo unaupika.

Ndiyo maana mzee huuliza mambo ambayo mteja hakuyatarajia. Una uzito gani? Treki yako inayokanyaga theluji ni ndefu kiasi gani? Unakimbia ziwani, au unakwenda Milima ya Rocky kupenya kati ya misonobari? Wa ziwani hufungua mafuta mara moja na kushikilia. Wa milimani huachia na kufungua, huachia na kufungua, na hewa ya juu huko ni nyepesi. Huyu wa pili humfaa klachi ya rola, kwa kuwa zile za zamani zenye vipande vya plastiki vinavyoteleza kwenye heliksi husuguana na kuchelewa kurudi. Wepesi huo wa kurudi unamfaa kuliko farasi kumi za ziada. Nalisema bila kusita, maana nimeona mashine zenye nguvu ndogo zikizitangulia kubwa mlimani kwa sababu hiyo tu.

Kinachotafutwa ni sindano ya raundi itulie. Injini ya Rotax ya sentimita za ujazo 850, isiyo na turbo, ina nguvu za farasi 165, na hutoa ubora wake karibu na mizunguko 8,000 kwa dakika. Chini ya hapo kidogo tu, inalegea. Klachi zikipatana, sindano hupanda hadi hapo na kukaa, mwendo ukizidi kuongezeka chini ya mlio mmoja usiobadilika. Sijui muziki wa chuma mzuri kuliko huo.

Mwaka 1959 Joseph-Armand Bombardier alipotoa pikipiki ya kwanza ya theluji ya Ski-Doo huko Valcourt, Quebec, injini yake ilikuwa na nguvu za farasi 7 tu. Nguvu zilipopanda ndipo ufundi huu ulipokua, katika magereji madogo ya watu waliosaga vizito kwa mkono na kuandika pembe kwenye vipande vya karatasi. Olav Aaen wa Wisconsin aliyaandikia kitabu kizima mambo haya ya klachi, na mafundi waliokisoma hawakupoteza muda wao.

Sasa kuna boksi. Limeandikwa modeli, nguvu na mwinuko kutoka usawa wa bahari. Ndani mna heliksi, springi na vizito. Waliolitengeneza ni wajuzi, sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na mnunuzi anayefunga vipuri, anaunguza mkanda, anafunga mwingine, anaunguza tena, kisha anaagiza boksi la kampuni nyingine, na siku zote hizo hakuna aliyeweka kiganja kwenye puli. Mikanda iliyoungua hutupwa bila kutazamwa ubavu, na kila mmoja ulikuwa na habari ya kusema.

Na shule yenyewe inafungwa. Yamaha, iliyotengeneza pikipiki za theluji tangu 1968, ilitangaza mwaka 2023 kwamba modeli za 2025 zitakuwa za mwisho. Majira ya baridi ya 2023–24 yalikuwa na joto kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa Minnesota. Mstari wa kalamu unahitaji barafu nene na ndefu ya kuvutia mashine hadi mwisho. Mtambo wa kupimia nguvu gerejini utakuonyesha farasi na raundi, lakini hauna theluji inayobadilika kuwa nzito saa sita mchana, wala dereva anayeegemea upande. Kijana anayetaka kujifunza leo hukaa wiki nzima akingoja ziwa liwe salama, na wengi wameacha kungoja.