Mshororo wa Tatu

Rubai ya Kiajemi ni ubeti mmoja wa mishororo minne, basi. Wa kwanza, wa pili na wa nne hushikana kwa kina; wa tatu huachwa peke yake. (Zipo rubai zenye kina kimoja juu hadi chini, ila umbo lililozoeleka zaidi ni hilo.) Watu wa Makunduchi, Zanzibar, wana urithi wa Uajemi katika Nairuzi yao, sherehe ya mwaka mpya, kila Julai. Kwa wengi wetu wa ukanda wa ziwa, Uajemi ulitufikia kwa kitabu, mwaka 1952, Shaaban Robert alipozileta rubai za Omar Khayyam kwa Kiswahili.

Umbo letu lililo jirani na rubai ni utenzi, na Mara ina utenzi wake wa kujivunia. Mwalimu Nyerere wa Butiama alizitia Injili katika tenzi, zikachapishwa mwaka 1996 akiwa na miaka 74. Utenzi nao una mishororo minne, lakini anayejitenga ni wa mwisho: mitatu inakubaliana, wa nne unatoka na kina cha bahari, na bahari hiyo inarudi ubeti kwa ubeti mpaka kisa kiishe. Kwa hiyo hakuna ubeti unaotosheka. Mzee anaghani, kijana anangoja. Kwa kisa kirefu, umbo hilo halina mpinzani. Ukitaka vizazi viwili vijibizane, linakubana, maana msikilizaji hana pa kuingilia.

Rubai inampa pa kuingilia. Mishororo miwili ya mwanzo inalizoesha sikio. Wa tatu unagoma, na hapo ndipo shaka hukaa, au swali, au ubishi. Wa nne unarudi kwenye kina na kufunga mlango. Mwendo huo tunaujua tangu utotoni, kwenye vitendawili: mmoja anatega, mwingine anasumbuka, jibu linaangukia mahali pake.

Shams-i Qays, mhakiki wa karne ya 13, anasimulia asili ya umbo hili. Mshairi wa kale, ambaye yeye anamdhania kuwa Rudaki, alipita Ghazni siku ya sikukuu akamkuta mtoto akivingirisha kokwa ya jozi kuelekea kishimoni, kama watoto wa Musoma na gololi zao. Jozi inabingirika, mtoto anatamka maneno yanayofuata mwendo wake, na mshairi anayasikia kuwa ni mizani kamili. Iwe kweli au hekaya tu, Waajemi walikubali kusimulia kwamba umbo lao pendwa lilitoka kinywani mwa mtoto, na kazi ya mtu mzima ilikuwa kusikia. Sijui hadithi ya namna hiyo kuhusu utenzi.

Kinachopotea njiani ni mapigo yale ya jozi. Arudhi ya Kiajemi hupima silabi ndefu na fupi. Mizani yetu huhesabu tu. Tena Shaaban Robert alimpokea Khayyam kutoka kwa Mwingereza Edward FitzGerald, ambaye mwaka 1859 alizipanga rubai zifuatane kama siku moja, kuanzia mapambazuko hadi usiku. Katika diwani za Kiajemi, desturi ni kuzipanga kwa herufi ya mwisho ya kina, kila moja ikijitegemea. FitzGerald, kwa maoni yangu, aliigeuza rubai ikawa karibu na utenzi: akatuuzia mnyororo mahali palipokuwa na shanga mojamoja. Kitabu kilipata wasomaji, mshororo wa tatu ukapoteza makali, kwa sababu msomaji anakimbilia ubeti unaofuata.

Basi mwalimu wa Bunda au Butiama anayetaka kuwaketisha wazee na wanafunzi wake kwa sanaa ya Kiajemi asianze na kitabu kizima. Achukue rubai moja. Mzee aseme miwili ya kwanza, kijana atunge wa tatu bila kufungwa na kina, kisha wabishane juu ya wa nne. Tenzi za Mwalimu ziachiwe jioni nyingine, yenye nafasi zaidi.