Mbwa wa Mara Walivyofuatwa Vijijini

Gari linaegeshwa kivulini karibu na shule ya msingi, meza inashushwa, na kabla sindano ya kwanza haijajazwa watoto wameshapanga foleni, kila mmoja anavuta mbwa wake kwa kamba. Jana yake kipaza sauti kilipita vitongojini kutangaza kuwa chanjo ni bure. Jioni msafara utahamia kijiji kingine. Ndivyo kichaa cha mbwa kinavyokabiliwa mkoani Mara, na ni hapa hapa njia hiyo ilipopimwa kwa makini.

Kati ya Oktoba 1996 na Februari 2001, Sarah Cleaveland, Magai Kaare na wenzao walichanja mbwa wa Wilaya ya Serengeti kwa kampeni nne. Wilaya ya Musoma, ambayo wakati huo Butiama ilikuwa bado sehemu yake, haikuchanjwa, hivyo ikawa ya kulinganishia. Kampeni hizo ziliwafikia asilimia 64.5, 61.1, 70.6 na 73.7 ya mbwa. Upande wa Serengeti, kichaa kilipungua kwa asilimia 70 baada ya kampeni ya kwanza na asilimia 97 baada ya ya pili. Musoma hali ilibaki ile ile. Watu waliong'atwa na mbwa walioshukiwa kuwa na kichaa walipungua pia Serengeti, lakini si katika wilaya jirani ambazo hazikuchanjwa. Sijui ushahidi ulio wazi kuliko huo kwa diwani anayepanga bajeti.

Sasa tuangalie hesabu iliyo nyuma yake. Uchunguzi wa Katie Hampson na wenzake, uliotolewa mwaka 2009, ulionyesha kuwa mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza kwa wastani mbwa mmoja na ushei tu. Ugonjwa wa namna hiyo huzimika hata kama waliokingwa ni kati ya asilimia 20 na 45. Kwa nini basi tung'ang'anie kuchanja asilimia 70? Kwa sababu mbwa wa kijijini haishi sana. Waliochanjwa wanakufa, majike wanazaa, na kila mtoto anayezaliwa baada ya gari kuondoka hana kinga. Asilimia 70 ya siku ya chanjo ni akiba ya chakula inayoliwa mwezi hadi mwezi. Lazima ibaki ya kutosha mpaka msafara urudi mwaka unaofuata. Ndiyo maana kumwacha mtoto wa mbwa nyumbani kwa kudhani bado mdogo ni kosa kubwa. Achanjwe naye.

Kituo kimoja cha chanjo kijijini kinatosha kwa wakulima wanaofuga, na Kaare na wenzake walikadiria gharama yake kuwa dola 1.73 kwa mbwa. Kwa wafugaji walioishi kwa kutawanyika, mashariki mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, wachanjaji walilazimika pia kupita boma kwa boma, na gharama ikapanda hadi dola 5.55.

Udhaifu wa mpango mzima ni gari lenyewe. Fedha zikichelewa au gari likiharibika, mwaka unapita na akiba inaisha. Chanjo nayo hutakiwa kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na vijiji vingi havina jokofu. Mwaka 2016 Felix Lankester na wenzake walionyesha kuwa chanjo ya Nobivac Rabies iliamsha kinga vilevile hata baada ya kukaa miezi sita kwenye nyuzi 25, au mitatu kwenye nyuzi 30. Hapo ndipo mfinyanzi alipoingia, ili chanjo isizidi joto hilo: chungu ndani ya chungu, katikati mchanga uliolowanishwa, maji yanageuka mvuke na joto linatoka.

Kwa chungu hicho, chanjo inaweza kubaki kwenye kata mwaka mzima, mikononi mwa ofisa mifugo na mkazi aliyefunzwa kumsaidia. Naiunga mkono njia hii kwa moyo wote, mradi atakayelowanisha mchanga alipwe. Jike akizaa Bunda mwezi Machi, watoto wake hawatasubiri gari la Oktoba.