Trdat, Fundi wa Kuba Zilizoanguka

Sifa za msanifu majengo mara nyingi humwendea yule aliyebuni umbo ambalo halikuwahi kuonekana kabla yake. Kwa kipimo hicho Trdat, Mwarmenia wa karne ya 10 aliyejenga katika mji wa Ani, angepata alama za kawaida tu, maana hakubuni kuba, wala mpango wa msalaba, wala tao lenye ncha. Nadhani kipimo chenyewe ndicho kibovu. Kazi yake iliyo mashuhuri kuliko zote ilikuwa ukarabati, na kukarabati jengo la wengine ni mtihani mgumu kuliko kuanza kwenye kiwanja kitupu. Anayejenga jipya hujichagulia matatizo yake; anayekarabati huyakuta yakimsubiri.

Mnamo Oktoba 989 tetemeko la ardhi liliipiga Konstantinopoli. Tao la magharibi la kanisa la Hagia Sophia liliporomoka na kwenda na kipande cha kuba. Mji ule haukuwa na uhaba wa waashi. Hata hivyo Stepanos wa Taron, mwanahistoria wa zama hizo hizo, ameandika kwamba mafundi wa Kigiriki walihangaika, kisha Trdat, aliyekuwapo mjini, akachora ramani na kutengeneza mfano mdogo wa kazi, ndipo ujenzi ukaanza. Mfano ule ulikuwa na maana yake. Kuba ina upana wa takriban mita 31 na mbavu 40 za matofali, imekalia matao manne, na kufikia siku ya tetemeko ilikuwa imebeba uzito wake kwa zaidi ya miaka 400, ikivutika na kwenda kombo kidogo kidogo. Trdat hakuwa na duara kamili la kurudishia. Alikuwa na ukingo uliomeguka, na ilimpasa aunganishe nao tao jipya na mbavu 15 bila kuulazimisha ukingo wa kale ufuate hesabu zake. Fundi cherehani anayetia kiraka kwenye nguo iliyokwisha vutika anaijua shida hiyo. Tena nyenzo ilikuwa tofali, naye alitoka nchi inayojenga kwa mawe. Aliyekariri kanuni za jiwe tu angekwama hapo. Alivuka kwa sababu alielewa uzito unavyosafiri kutoka juu hadi ardhini, na uzito hausafiri kwa sheria nyingine ati kwa kuwa umekuta tofali. Mwaka 994 kanisa lilifunguliwa tena.

Ujuzi huo unaonekana pia Ani, mji ambao leo ni magofu upande wa Uturuki, kando ya Mto Akhurian unaoutenga na Armenia. Ulifanywa makao makuu ya wafalme wa ukoo wa Bagratuni mwaka 961. Kanisa kuu lilianzwa 989 chini ya Mfalme Smbat wa Pili, likasimama alipofariki, likakamilishwa 1001 kwa msaada wa Malkia Katranide, mke wa Gagik wa Kwanza. Ukuta wake una ngozi mbili za mawe ya volkano yaliyochongwa yakalingana, na katikati kifusi kilichoshikwa kwa chokaa. Ndani, kila nguzo kubwa imechongwa kama fungu la nguzo nyembamba, na kila nguzo nyembamba inapanda bila kukatika hadi kwenye tao lake, kiasi kwamba jicho linaweza kuufuata mzigo kwa mstari. Nje, pale ambapo ukuta ungekuwa mnene bila faida, amechimba vishubaka vyenye kona kali, kivuli kikaingia mahali pa uzito.

Kwa sababu ya nguzo hizo, wako waliotaka kumfanya Trdat baba wa makanisa ya Kigothi ya Ulaya. Heshima hiyo simpi. Hakuna ushahidi kwamba waashi wa Ufaransa waliwahi kusikia habari za Ani, na kazi yake haihitaji watoto wa kubandikwa ili ithaminiwe.

Pingamizi zito liko kwingine. Kanisa alilomjengea Mfalme Gagik, lililoanzwa 1001, liliiga kwa makusudi Zvartnots, kanisa la duara la karne ya 7 lililokuwa tayari gofu, na lenyewe halikudumu. Mwanaakiolojia Nikolai Marr alipolifukua mwanzoni mwa karne ya 20 alikuta misingi, mawe yaliyotawanyika na sanamu ya mfalme aliyeshika mfano wa kanisa hilo. Hapo simtetei: aliombwa umbo lenye kasoro, akalifuata kwa uaminifu kupita kiasi. Kuba ya kanisa kuu nayo ilianguka katika tetemeko la 1319, ingawa baada ya karne tatu, na kuta na nguzo bado zimesimama.

Basi na turudi Konstantinopoli, kwenye ushahidi usiomtegemea mwanahistoria yeyote. Mwaka 1346 kuba ya Hagia Sophia ilimeguka tena, safari hii upande wa mashariki. Mbavu 15 za magharibi hazikuanguka, na zipo hadi leo. Ni kweli kwamba sehemu za kaskazini na kusini, za karne ya 6, zilisalia pia, kwa hiyo siwezi kudai kwamba Trdat aliwashinda waliomtangulia. Ninachodai ni kidogo zaidi: kiungo kati ya matofali yake na yao hakikufunguka, na kiungo ndicho kilichokuwa kazi yake.