Kitabu Tumekiona

Niliingia darasani siku moja kuanza riwaya mpya pamoja na wanafunzi wangu. Kabla sijafungua ukurasa wa kwanza, kijana mmoja alinyosha mkono akasema, "Mwalimu, kitabu hiki tumekwisha kiona." Nilidhani ulimi umemteleza, nikamwuliza kama alitaka kusema kwamba wamekwisha kisoma. Akajibu kwa adabu kuwa hakukosea neno. Walikuwa wamekiona kwenye simu, kikichezwa na waigizaji tangu mwanzo hata mwisho, na wote walijua nani alioa, nani alikufa na nani alishinda. Wenzake walicheka. Mimi sikucheka wala sikukasirika, maana kijana alisema kweli. Lakini maneno yake yalinifuata njia nzima nilipokuwa nikirudi nyumbani, Mji wa Kale, na insha hii ndiyo jibu ambalo sikuwa nalo siku ile.

Nataka kwanza kuondoa shaka. Mimi si adui wa sinema, na kisiwa cha Mombasa hakikupata kuwa adui wake. Babu na bibi zetu walijaza majumba ya Regal, Majestic na Naaz kutazama picha za Kihindi, wakatoka wakiimba nyimbo za lugha wasiyoisema. Wala kubadili chombo cha hadithi si jambo geni kwa watu wa pwani. Habari za Fumo Liyongo zilisimuliwa kwa vinywa vizazi vingi kabla Muhamadi Kijumwa wa Lamu hajazitungia utenzi mwaka 1913. Msimulizi alichagua la kusema, na mtunzi naye alichagua la kuandika. Hadithi haikufa kwa kuhama. Basi kuhama kwenyewe si kosa. Linalotupasa ni kupima kilichoachwa nyuma na kilichopatikana mbele.

Kauli yangu ni hii: filamu iliyotokana na kitabu ni usomaji wa mtu mmoja. Mwongozaji amekisoma kitabu, akakipenda, kisha akaamua sura ipi ibaki na ipi iondoke, mhusika awe na uso gani, na bahari iwe na rangi gani. Mtu atazamaye bila kusoma ameupokea uamuzi huo wote bila hata kujua kwamba ulifanyika. Aliyesoma anaweza kubishana na mwongozaji, na ubishi huo wa haki ndio uitwao uhakiki.

Nichukue mfano ulio karibu nasi. Mwaka 2021 Amil Shivji, mwongozaji wa Tanzania, alitoa filamu ya Vuta N'kuvute, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi iliyochapishwa mwaka 1999. Ilionyeshwa katika tamasha la filamu la Toronto, Kanada, na mwaka 2022 Tanzania iliipeleka kushindania tuzo ya Oscar ya filamu za kimataifa. Riwaya yenyewe ni ya Unguja, katika miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza. Yasmin, binti wa Kihindi, ameozwa angali mdogo kwa Raza, mwanamume aliyemzidi umri mno. Anaikimbia ndoa hiyo, jamaa zake wanamkataa, naye anapata hifadhi kwa Mwajuma, mwanamke maskini wa Ng'ambo. Huko anakutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi na aliyejitoa kupigana na ukoloni.

Mtu wa Mji wa Kale aitazamapo filamu hii huona kama kwamba anatazama mtaa wake katika kioo. Vichochoro vyembamba, milango ya nakshi na baraza za kuzungumzia, yote hayo anayajua tangu Kibokoni hata Ndia Kuu. Lugha nayo ni yake, ijapokuwa watu wa Unguja husema njia, nasi jina la barabara yetu ya kale limehifadhi ndia. Hakuna mgeni aliyesimama katikati kutueleza pwani yetu. Tena Mwajuma anachezwa na Siti Amina, ambaye ni mwimbaji wa taarabu hasa. Kitabu kinaweza kutuambia kwamba watu waliimba, lakini hakiwezi kutuletea sauti yenyewe masikioni. Hiyo ni faida ya filamu, nami naikiri kwa moyo mkunjufu.

Hata hivyo, liko badiliko moja ambalo limenishughulisha sana. Katika kitabu, Yasmin ameonja uchungu wa ndoa kabla hajamjua Denge. Aondokapo kwa mumewe hamkimbilii Denge, kwa maana hata hamjui. Anaondoka kwa sababu maisha yale hayavumiliki, na anaondoka akijua kwamba ataaibishwa. Katika filamu, Denge na Yasmin wanakutana usiku, Yasmin akiwa njiani kupelekwa kuolewa. Ni onyesho zuri la kutazama. Lakini macho ya wawili hao yanapokutana, mtazamaji huanza mara moja kungoja mapenzi, na Yasmin anapotoroka baadaye ni rahisi kudhani kwamba amevutwa na kijana. Binti wa kitabu aliihukumu ndoa yake kwa akili yake mwenyewe. Binti wa filamu aweza kuonekana amehukumu kwa sababu ya mtu mwingine. Kwa msichana wa miaka 15 au 16 anayesoma insha hii, tofauti hiyo si ndogo.

Je, mwongozaji amekosea? Sithubutu kusema hivyo. Filamu ina muda kama wa saa moja na nusu, nayo riwaya huchukua siku kadhaa za msomaji. Fundi akatapo nguo hana budi kuacha vipande sakafuni. Shivji alitaka mapenzi na harakati za siasa vianze pamoja na kwenda bega kwa bega, na kwa kusudi hilo alifaulu. Ninalosema ni kwamba uchaguzi huo ulikuwa na bei, na aliyekisoma kitabu ndiye awezaye kuijua bei hiyo. Mimi mwenyewe nimeyakosa katika filamu mazungumzo marefu ya riwaya, ambamo watu wa kawaida hutaniana na kubishana mpaka msomaji akajiona ameketi nao.

Mfano wa pili unatoka Malawi. William Kamkwamba aliandika pamoja na Bryan Mealer kitabu kiitwacho The Boy Who Harnessed the Wind, kilichotoka mwaka 2009. Anaeleza jinsi alivyoacha shule kwa kukosa ada wakati wa njaa ya miaka ya 2001 na 2002, akajisomea katika maktaba ndogo, na hatimaye akaunda kinu cha upepo kwa vyuma vilivyotupwa na baiskeli ya baba yake. Mwaka 2019 Chiwetel Ejiofor aliigeuza habari hiyo kuwa filamu, yeye mwenyewe akicheza baba. Mvutano wa baba na mwana juu ya baiskeli ile ameufanya kuwa kilele cha hadithi, na ni kilele kinachotoa machozi. Kisha kinu kinasimama, maji yanapanda, na shamba kavu linageuka kijani. Lakini katika kitabu, kinu cha kwanza kilileta mwanga wa taa na sauti ya redio tu. Pampu ya maji ilikuja baadaye. Filamu inatufundisha kwamba elimu huokoa kwa siku moja. Kitabu kinatufundisha kwamba elimu huja polepole, taa moja baada ya nyingine, huku majirani wakicheka. Nionavyo mimi, mwanafunzi ahangaikaye na hesabu usiku anahitaji zaidi funzo hili la pili.

Ipo filamu ya zamani kidogo ambayo hatuwezi kuipita, kwa kuwa dunia nzima iliitazama Kenya kwa macho yake. Mwaka 1985 Sydney Pollack alitoa Out of Africa, kutokana na kumbukumbu za Karen Blixen zilizochapishwa mwaka 1937. Ilipata tuzo 7 za Oscar, mojawapo ikiwa ya filamu bora ya mwaka. Kitabu kile kina kasoro zake, maana kiliandikwa na mwenye shamba akiwatazama watu waliomfanyia kazi. Hata hivyo watu hao wanapewa nafasi kubwa: Farah Msomali, Kamante aliyekuwa mpishi, na Kinanjui aliyekuwa mkuu wa Wakikuyu. Mapenzi ya Blixen na Denys Finch Hatton hayasemwi waziwazi. Katika filamu mambo yamepinduliwa. Mapenzi ya Wazungu wawili yamejaa uwanja wote, na wenyeji wamesogezwa ukingoni, karibu na miti na wanyama. Ni filamu nzuri kwa macho, lakini ni usomaji uliochagua vibaya.

Je, televisheni yaweza kufanya vizuri zaidi? Angalau ina muda. Mwezi wa Desemba mwaka 2024 kampuni ya Netflix ilianza kuonyesha riwaya mashuhuri ya Gabriel García Márquez ya mwaka 1967, Cien años de soledad, yaani Miaka Mia ya Upweke. Sehemu ya kwanza tu ilikuwa na vipindi 8. Mwandishi, aliyefariki mwaka 2014, hakukubali katika uhai wake kitabu hicho kifanywe filamu. Jamaa zake walipokubali, ilitengenezwa kwa Kihispania na katika nchi yake ya Kolombia. Hapo pana funzo kwetu. Riwaya iliyozaliwa katika lugha fulani haipotezi kitu kidogo inapolazimishwa kusema kwa lugha nyingine ili iuzike. Inapoteza namna watu wake wanavyotania, wanavyosalimiana na wanavyonyamaza. Vuta N'kuvute ilibaki katika Kiswahili, na kwa hiyo, pamoja na yote niliyoilaumu, ilibaki mtoto halali wa kitabu chake.

Nikipita Bandari ya Kale huiwaza riwaya nyingine ya Adam Shafi, Kuli, iliyochapishwa mwaka 1979. Ni habari za wachukuzi wa bandarini Unguja na mgomo wa mwaka 1948. Mombasa nayo ina kumbukumbu kama hiyo, kwa maana wafanyakazi wa kisiwa hiki, pamoja na wale wa bandari ya Kilindini, waligoma Januari 1947, mji ukasimama. Filamu ya Kuli ingeweza kupigwa hapa hapa petu, na vijana wa hapa wakaicheza kwa lugha yao. Lakini nani ataifanya? Hawezi kuwa mtu aliyekaa kungoja kukiona kitabu. Vuta N'kuvute isingetengenezwa kama Shivji asingaliisoma kwanza, kurasa zikiwa hazina picha hata moja, na sura zote akazichora mwenyewe kichwani. Kila filamu iliyotokana na kitabu ilianza kwa mtu kuketi na kusoma.

Kwa hiyo, wanafunzi wangu, sikukatazeni kutazama. Someni kwanza, kisha tazameni, na mkitazama mjiulize maswali matatu. Ni nini kimeondolewa? Ni nini kimeongezwa? Na kusudi la mwandishi, je, limebaki hai au limezikwa? Mwenye kujibu maswali hayo ametazama kwa akili yake, na mtihani hautamtisha. Asiyeweza kuyajibu ametazama kwa macho ya mwingine, na siku atakapoulizwa maoni yake atatoa maoni ya kuazima.

Juma lile tulianza kuisoma riwaya yetu kwa sauti, kila mmoja aya yake. Tulipofika ukurasa wa nne, yule kijana alinyosha mkono tena, safari hii uso wake umekunjamana. "Mwalimu," akasema, "jambo hili halikuwamo." Nikamwambia aendelee kusoma.